Wosia Si Uchuro

Kifo hakina hodi. Kila mtu hulikiri neno hili kwa ulimi. Wachache hulikiri kwa kalamu. Watu wenye mashamba, nyumba na ng'ombe hufa bila ya kuacha hata karatasi moja ya kueleza nani apewe nini, kisha wana wao hukutana mahakamani kama maadui. Ukiuliza kwa nini baba hakuandika, utajibiwa kwamba wosia ni uchuro, na aandikaye wosia ajiitia mauti. Neno hilo ni la uongo, na uongo unaovunja nyumba za watu haustahili heshima kwa sababu tu ni wa kale.

Kama wosia ungeleta mauti, basi kukosa wosia kungeleta umri. Ni nani aliyeishi milele kwa sababu hakuandika? Mkulima huchimba mfereji kabla ya masika, wala hapana amlaumuye kwamba anaita gharika. Twamsifu kwa busara yake. Baba aandikaye wosia afanya kazi ile ile: ayaonyesha maji njia kabla hayajaingia nyumbani.

Na tuyatazame yatokeayo asipoandika. Sheria ya Kenya hutaka maombi ya usimamizi wa mirathi yatangazwe katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 za kulitoa. Msimamizi akisha kuteuliwa, kwa kawaida hungoja miezi 6 kabla ya mgawanyo kuthibitishwa. Huo ndio mwendo wa nyumba yenye amani. Katika nyumba yenye ugomvi miezi huzaa miaka. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, alifariki mwaka 1981 bila ya wosia. Zaidi ya miaka 30 baadaye mirathi yake ilikuwa ingali ikibishaniwa mahakamani. Ikiwa mali kubwa yaliwa na wakati namna hiyo, mwenye ekari mbili atasalimika vipi? Yeye huuza ekari moja ili aishtakie ya pili, na mwisho hukosa zote mbili. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Wako wasemao kwamba mila yatosha, kwa kuwa wazee wa ukoo wanajua kugawa. Sitaki kuwavunjia wazee heshima. Zamani ardhi ilikuwa ya ukoo, mipaka ilijulikana kwa miti na mawe, na mashahidi waliishi kando yake. Leo hati ya shamba ina jina la mtu mmoja. Ana kiwanja Nakuru, fedha benki, na deni ambalo hata mkewe hakuambiwa. Wazee watagawaje wasichokijua? Tena mila nyingi zilimwacha binti mlangoni. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haikumbagua. Mtu mmoja wa Bonde la Ufa alifariki mwaka 1988 bila ya wosia. Mahakama Kuu ilimpa kila mwana wa kiume ekari 30, na kila binti ekari 5, kwa hoja kwamba binti huenda akaolewa. Mahakama ya Rufani, iliyoketi Eldoret mwaka 2005, iliikataa hoja hiyo. Haki ilipatikana, lakini ilipatikana miaka 17 baada ya mazishi. Katika miaka 17 mtoto mchanga huwa mtu mzima. Wosia wa haki ungaliandikwa mchana mmoja.

Nasema wosia wa haki, kwa kuwa wosia si rungu la kumpigia mke au binti asiyependwa. Tegemezi aliyesahauliwa aweza kwenda mahakamani na kudai riziki yake. Wala kazi yenyewe si ngumu. Mtu mzima mwenye akili timamu huandika, hutia sahihi, na mashahidi wawili hutia zao; na ni vema mashahidi hao wasiwe miongoni mwa waliotajwa kurithi. Wosia wa mdomo nao wakubaliwa, lakini kwa raia wa kawaida hufaa tu ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, na msemaji akafa kabla ya miezi 3 kupita. Basi yule ajaye matangani akisema, "Mzee aliniambia miaka kumi iliyopita," ameleta hadithi, hakuleta wosia.

Mwislamu atasema kuwa mafungu yake yamekwisha kupangwa, na Kadhi yupo. Ni kweli. Lakini faraidhi hugawa mali ijulikanayo. Deni, amana za watu, na ile theluthi ambayo mtu aweza kuiusia kwa wasio warithi, nani atazijua zisipoandikwa? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawageukia ninyi vijana, maana nanyi mna sehemu yenu katika aibu hii. Kalamu ya baba haiwezi kumponya mwana mlafi. Kijana aachaye jembe akangoja urithi humhesabia babaye pumzi, na akikosa alichotarajia humwita nduguye mwizi. Jifunzeni kazi, ili shamba la wazazi liwe kwenu nyongeza, lisiwe tumaini la pekee. Na mzazi atakapoketi kuandika, msimkimbie kana kwamba anachimba kaburi. Mleteeni kalamu, na kama hajaanza, mwombeni kwa adabu aanze, angali na nguvu, na ninyi nyote mngali mkila sahani moja.