ANAYEKWENDA KUSOMA NG'AMBO AMETUMWA

Kila mwaka ikifika miezi ya Agosti na Septemba, vijana wetu hufunga masanduku na kuondoka kwenda kusoma ng'ambo. Wengine huenda Uingereza na Marekani, wengine Uhindi, Uchina, Urusi na Uturuki. Wazazi huwasindikiza, kina mama hupiga vigelegele, na wazee huinua mikono kuomba dua. Hayo ni mambo mema. Lakini vigelegele vikiisha kuna swali ambalo lazima liulizwe, na kama gazeti la chama halikuliuliza, nani ataliuliza? Swali lenyewe ni hili: Kijana huyu anakwenda kwa ajili ya nani?

Sisi twajibu waziwazi. Anayekwenda kusoma ng'ambo hakujipeleka. Ametumwa. Na mtu aliyetumwa hungojewa.

Wako watu wasiolipenda neno hili. Wao husema kwamba akili ni ya mtu mwenyewe, mtihani alifanya yeye, na kwa hiyo akishapata digrii ana haki ya kuiuza popote apendapo, kama mwenye ng'ombe anavyompeleka ng'ombe wake mnadani. Watu hao wamesahau tulikotoka. Basi na tuwakumbushe.

Mkoloni alikuwa akituambia kwamba hatuwezi kujitawala kwa sababu hatuna watu waliosoma. Maneno hayo yalikuwa na hila ndani yake, maana ufunguo wa darasa aliushika yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1950, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zote kwa pamoja zilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, Makerere, na digrii zake zilitolewa kwa jina la Chuo Kikuu cha London. Kijana aliyekosa nafasi huko alirudi kijijini na cheti chake mfukoni, akatafuta ukarani au akashika jembe. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, nchi yenye watu kama milioni 9 ilikuwa na madaktari Waafrika 12 na mainjinia Waafrika 2 tu. Hiyo ndiyo hesabu tuliyoachiwa baada ya Mwingereza kututawala kwa zaidi ya miaka 40.

Katika hali hiyo, kumpeleka mtoto ng'ambo hakukuwa anasa. Ilikuwa ni sehemu ya kupigania Uhuru, na walioifanya kazi hiyo walikuwa watu wengi, wakubwa kwa wadogo.

Tazameni mfano wa zile ndege za wanafunzi zilizoondoka Nairobi. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, ambaye mwenyewe alisoma Ruskin College mjini Oxford mwaka 1955 hadi 1956, alizuru Marekani mwaka 1959 akiwaombea vijana wetu nafasi katika vyuo. Nafasi zilipatikana, lakini nauli haikuwapo. Serikali ya Uingereza haikuupenda mpango huo, na wakuu wa elimu wa kikoloni walizibeza digrii za Marekani. Ndipo Waamerika Weusi wenye majina makubwa, Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mchezaji wa sinema, walipotia sahihi barua ya kuwaomba watu wa nchi yao wachange. Watu wakachanga. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kukodi ikawachukua vijana 81 kutoka Nairobi mpaka New York. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na mpango ukapanuliwa kuwachukua vijana wa Tanganyika, Uganda, Zanzibar na nchi nyingine jirani. Ilipofika mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu vijana 800.

Na huku nyumbani je? Nauli ya ndege ililipwa, lakini kijana alihitaji pia koti la baridi, viatu, na fedha za kutumia. Fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika karamu za chai na mikutano ya kuchanga, ambako aliyekuwa na shilingi alitoa shilingi, na aliyekuwa na kuku alileta kuku akanadiwa. Wengi waliochanga hawakujua kusoma, wala hawakujua Kansas iko upande gani wa dunia. Walijua jambo moja tu, kwamba mtoto wao anakwenda kuleta kitu.

Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili katika miaka ya 1960 kwa mfano ambao kila mkulima anauelewa. Aliwafananisha wasomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula. Mtu huyo akila akashiba, kisha asirudi, ni msaliti. Mfano huo haujachakaa.

Naye hakusema kwa midomo tu. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma historia, uchumi na falsafa, na mwaka 1952 akapata digrii ya M.A. Hakubaki Uskochi. Alirudi akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 ilipozaliwa TANU alikuwa Rais wake. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu na mshahara wake ili kuitumikia nchi. Hata Shakespeare aliyemsoma kwa Kiingereza alimleta nyumbani akamzungumzisha Kiswahili, kwanza katika Julius Caezar mwaka 1963, kisha katika Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hivyo ndivyo mtumwa wa watu anavyorudi: hafichi alichokipata.

Mtazameni pia dada yetu Wangari Maathai. Alikwenda Marekani mwaka 1960 katika mpango ule ule wa ndege za wanafunzi, akasoma elimu ya viumbe katika chuo kidogo huko Kansas, kisha Pittsburgh. Angeweza kubaki. Alirudi, akapata shahada ya udaktari wa falsafa Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1977 akaanza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wazazi wanaosema kwamba kumsomesha binti mbali ni kupoteza fedha, watwambie hapo ni nani aliyepoteza.

Sasa tuzungumze na wale vijana wanaodhani kwamba ng'ambo ni peponi. Elimu iko huko, hilo hatulikatai. Lakini wenyeji wa huko wana mambo yao. Waafrika waliosoma katika majimbo ya kusini ya Marekani miaka ile waliyakuta mahoteli ambayo mtu mweusi haruhusiwi kuketi akala. Waliokwenda upande wa pili nao hawakusalimika. Mwaka 1962 mwanafunzi wa Zanzibar alipigwa katika hoteli mjini Peking, na baada ya hapo Waafrika wengi waliokuwa wakisoma Uchina wakaondoka. Mwaka 1963 wanafunzi wa Kiafrika mjini Sofia, Bulgaria, waliandamana kulalamikia ubaguzi, na wengi wao wakafunga virago. Kwa hiyo kijana asidanganywe na picha za Magharibi wala na hotuba za Mashariki. Achukue elimu kwa kila mwenye elimu, lakini asitafute mama kwa watu.

Wengine watasema kwamba sisi tuliosomea ualimu hapa hapa nchini twawaonea wivu wenzetu. La hasha. Wala hatusemi kwamba aliyesoma ng'ambo ndiye mwenye kiburi na aliyesoma nyumbani ndiye mwenye adabu. Kasumba haihitaji kupanda ndege. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliokuwa wakisomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba na katani, waliandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na siku ile ile akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakubwa nao walifundishwa somo siku ile.

Kuna hoja mbili ambazo twapaswa kuzijibu kwa haki, maana si hoja za kijinga.

Hoja ya kwanza husema hivi: kijana akibaki ng'ambo huleta fedha, na fedha hizo hulipa ada za wadogo zake na kuwatibu wazazi wake. Ni kweli, na tunawashukuru wanaofanya hivyo. Yuko mama asiyekula bila fedha hizo. Lakini fedha za ng'ambo hujenga nyumba moja ya ukoo mmoja. Haziwezi kusimama katika hospitali ya wilaya usiku wa manane kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Haziwezi kumfundisha mtoto wa jirani hesabu. Nchi iliyomlea daktari tangu darasa la kwanza, kisha ikampa nchi tajiri bure, imetoa msaada kwa tajiri. Tangu lini maskini akamsaidia tajiri na sisi tukapiga makofi?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husema: mwanituma nirudi, lakini nikirudi mnanikalisha. Hapa yatupasa kusema kweli ijapokuwa inauma. Wako vijana waliorudi na ujuzi, wakazungushwa ofisi hii mpaka ofisi ile, wakaambiwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, mpaka viatu walivyovinunua ng'ambo vikatoboka. Wako walioulizwa wanamjua nani kabla ya kuulizwa wanajua nini. Injinia akikaa mwaka mzima bila kazi wakati daraja la kijijini limevunjika, kosa si la injinia. Mtu anayemtuma mtoto dukani kisha akafunga mlango wa nyumba hana haki ya kulalamika kwamba chumvi haikufika.

Basi msimamo wetu ni huu, na twautoa ili wanachama waujadili katika matawi yao.

Kwa vijana: kabla ya kuchagua masomo, zunguka wilayani kwako uone kinachokosekana. Usichague somo kwa sababu jina lake linapendeza masikioni. Ukiwa ng'ambo, andikia kwenu, jifunze hata kazi za mikono za watu wale, na usiisahau lugha yako. Na siku unayokwenda, weka ahadi mbele ya waliokuchangia. Ahadi iliyotolewa mbele ya wazee ina nguvu kuliko karatasi.

Kwa wazazi: msiuze shamba kwa maneno matamu ya dalali wa vyuo. Ulizeni kwanza kama chuo hicho kinajulikana. Tume ya Vyuo Vikuu ipo, na kuvitambua vyeti vya ng'ambo ni kazi yake. Kuuliza ni bure, bali shamba likishauzwa halirudi. Na mkichanga, chango lisiwe la mtoto wa kiume peke yake.

Kwa Serikali na chama: nafasi za masomo ya ng'ambo zitangazwe hadharani mpaka wilayani, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe ukutani kila mtu ayasome. Mtoto wa mkulima aliyefaulu asipitwe na mtoto wa mkubwa aliyefeli. Kabla kijana hajaondoka, ijulikane kazi inayomngoja, na akirudi apokelewe, apewe nyumba na vyombo vya kazi. Daktari asiye na dawa, hata akiipenda nchi namna gani, atafanya nini?

Tena tusisahau kwamba safari za ng'ambo hazikukusudiwa kuwa za milele. Mwezi wa Oktoba 1961, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa, chuo chetu kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam kwa wanafunzi 14 wa sheria. Majengo ya chuo hayakuwapo. Chama kikatoa jengo lake lenyewe, pale Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wakaingia wakasoma. Wanachama wa siku zile hawakusema chama kitakaa wapi. Walijua kwamba chama kisicho na wasomi waliotokana na watu wake kitakuwa na jengo zuri na nchi mbovu. Kila mmoja anayerudi na elimu lazima atusaidie kukaribia siku ambayo ujuzi ule aliouendea mbali, mdogo wake ataupata hapa hapa kwa nauli ya basi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mgeni huponya, mwana wa nyumba akirudi na dawa mkononi ataponya zaidi. Kazi ya kijana ni kurudi. Kazi yetu ni kuuacha mlango wazi na kazi ikiwa tayari.

Nendeni, someni, rudini. Mmetumwa, na mnangojewa.