Kiti cha Nairobi na Uzito wa Kura

Mwaka 1957 karani wa Nairobi aliweza kupewa kura tatu, na mpagazi aliyepanga chumba jirani naye asipewe hata moja. Wote wawili walikuwa watu wazima, wote wawili walilipa kodi, na sheria zilizotungwa Barazani ziliwahusu sawasawa. Anayetaka kuifahamu historia ya kiti cha Nairobi hana budi kuanzia hapo, maana historia hiyo si orodha ya majina ya washindi tu. Ni historia ya swali moja: kura ya mtu mmoja ina uzito gani?

Wazungu wa Kenya walianza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo, Bw. Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, lakini hakupigiwa kura na watu. Aliteuliwa na Gavana. Ilipita miaka mingine kumi na mitatu, ndipo mwezi wa Machi 1957 Waafrika wakachagua wajumbe wanane kwa kura zao wenyewe. Mmoja katika hao wanane alikuwa mjumbe wa Nairobi.

Hata hivyo kura hiyo haikuwa ya kila mtu. Kanuni zake zilitokana na mapendekezo ya Bw. Walter Coutts. Mpigaji kura alitakiwa awe ametimiza miaka 21, tena awe na sifa maalumu, kama vile elimu, mapato ya pauni 120 kwa mwaka au mali ya thamani ya pauni 500, utumishi wa muda mrefu, au umri wa utu uzima. Mwenye sifa moja alipata kura moja. Mwenye sifa nyingi aliongezewa, hata akafikia kura tatu. Zaidi ya hayo, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuonyesha hati ya uaminifu, kwa kuwa nchi ilikuwa bado katika Hali ya Hatari. Jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa Nairobi, kwa maana msako wa Aprili 1954, ulioitwa Anvil, ulikuwa umewaondoa Wakikuyu kwa maelfu katika mji huo.

Wagombea wawili walioshindana vikali walikuwa Bw. Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Oxford, na Bw. C. M. G. Argwings-Kodhek, wakili hodari aliyewatetea watu wengi mahakamani siku zile za Hali ya Hatari. Bw. Mboya alishinda, lakini hakumzidi mwenzake hata kwa kura 400. Msomaji na apige hesabu: watu 134 tu, kila mmoja akiwa na kura tatu, wangetosha kujaza pengo hilo lote. Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa pale ambapo kura za wachache zimeongezwa uzito na za wengi zimeachwa nje ya mizani.

Miaka minne baadaye mizani ilibadilika. Mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1960 ulilegeza masharti. Aliyejua kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe, au aliyepita miaka 40, aliweza kuandikishwa, na kila mtu alikuwa na kura moja katika daftari moja la watu wa mataifa yote. Uchaguzi ulipofanyika Februari 1961, Bw. Mboya aligombea kiti cha Nairobi Mashariki, akitumia ndege kuwa alama yake, kuwakumbusha watu wanafunzi waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani. Aliyempinga alikuwa Dakta Munyua Waiyaki, naye ni wa chama kile kile cha KANU.

Wengi walidhani kwamba mambo yatakwenda kwa kabila. Walioandikishwa katika kiti hicho wengi wao walikuwa Wakikuyu. Dakta Waiyaki alikuwa Mkikuyu, na Bw. Mboya hakuwa. Lakini masanduku yalipofunguliwa, Bw. Mboya alionekana kuwa na kura zaidi ya 31,000, na mpinzani wake hakufikia 3,000. Watu wa Nairobi walikuwa wamempima mtu kwa kazi yake. Tena walifanya hivyo katika kibanda, peke yao, pasipo mzee wala jirani wala mwajiri wa kuwachungulia.

Mwezi wa Mei 1963 kila mtu mzima alipewa haki ya kura bila kuulizwa cheti wala mshahara. Bw. Mboya alichaguliwa tena, safari hii kwa kiti cha Nairobi ya Kati, na Dakta Waiyaki naye akapata kiti cha Nairobi Kaskazini Mashariki. Bw. Mboya aliuawa kwa risasi mjini humo tarehe 5 Julai 1969. Mji uliokuwa na kiti kimoja cha Waafrika ulikuja kuwa na majimbo manane, na tangu mwaka 2013 una majimbo 17.

Mtu angeweza kufikiri kwamba swali la uzito wa kura lilikuwa limekwisha kujibiwa. Lakini lilirudi kwa mlango mwingine, na jimbo la Starehe, lililo katikati ya mji, ni ushahidi wake. Mbunge wake tangu 1969 alikuwa Bw. Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi. Mwaka 1988 mchujo wa KANU ulifanywa kwa mlolongo: watu walipanga mstari mchana kweupe nyuma ya mgombea waliyemtaka, na mgombea aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa, bila kura ya siri kupigwa. Bw. Rubia alikuwa miongoni mwa waliopinga mtindo huo. Katika uchaguzi wa mwaka huo alitangazwa kuwa ameshindwa, na kiti kikaenda kwa Bw. Kiruhi Kimondo.

Ubaya wa mlolongo ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, mwenye kuajiriwa alionwa na mwajiri wake, na mwenye kudaiwa alionwa na mdai wake. Pili, mstari ukitawanyika hapakubaki karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya, na mwenye malalamiko hakuwa na kitu cha kuweka mbele ya hakimu. Mtindo huo uliachwa, na mwezi wa Desemba 1992 sanduku la siri likatumika katika uchaguzi wa vyama vingi. Bw. Kimondo alishinda tena Starehe, safari hii kwa chama cha FORD-Asili, na ushindi huo ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi.

Faida ya karatasi ilionekana jimboni humo humo baada ya uchaguzi wa 2007. Bi. Margaret Wanjiru alitangazwa mshindi, shauri likapelekwa Mahakama Kuu, na mwaka 2010 mahakama ikautengua uchaguzi. Kura zilipigwa upya mwezi wa Septemba mwaka huo, na Bi. Wanjiru akashinda kwa mara ya pili. Aliyeshinda na aliyeshindwa wote walipata pa kusemea.

Basi mkulima na karani wa leo wana kura moja moja, tena ya siri. Haki hiyo haikuja siku moja, na iliwahi kupungua hata baada ya kupatikana. Ni wajibu wa kila mmoja kuhakikisha jina lake limo katika daftari kabla halijafungwa, kuingia kibandani peke yake, na kutompa mtu yeyote nafasi ya kumwuliza alimchagua nani.