Kisu cha Ghali na Mbuzi wa Idi

Msomaji wetu mmoja, kijana apendaye kuwinda, ametuletea suali. Ameona kisu kilichofuliwa kwa mkono na fundi wa Marekani, bapa lake lina mawimbi na mpini wake ni wa pembe, bei yake dola 400. Auliza kama yafaa akinunue, naye akusudia kuchinjia mbuzi wa Idi pia.

Kukinunua si haramu, na ujira wa fundi ni halali yake. Lakini mnunuzi na ajue anunuacho. Mawimbi yale huitwa chuma cha Damascus. Chuma cha kale cha jina hilo kilitokana na madonge yaliyoyeyushwa katika vyungu huko India na Sri Lanka, na ufundi wake ulitoweka katika karne ya 19. Cha siku hizi ni tabaka za vyuma mbalimbali zilizofuliwa pamoja. Aliyekitia katika soko la visu la Marekani ni William F. Moran, mwaka 1973. Ni pambo zuri, ila makali hayatoki katika pambo. Hutoka katika aina ya chuma, jinsi kilivyopashwa moto na kupoozwa, na wembamba wa ukingo wake.

Ni kweli kwamba chuma kigumu hushika makali muda mrefu zaidi. Lakini kikigonga mfupa hupata mapengo upesi, na kukinoa ni kazi ngumu. Tena vingi vya namna hiyo hushika kutu, khasa kwetu pwani penye hewa ya chumvi.

Ama kuchinja, Shaddad bin Aus amepokea, katika Sahihi Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Bei hakuitaja. Na katika Bukhari imo khabari ya mjakazi wa Kaab bin Malik, aliyekuwa akichunga kondoo penye mlima wa Sal', Madina. Alipoona mmoja yu karibu kufa, alivunja jiwe akamchinja nalo, na Mtume alipoulizwa akaamuru aliwe.

Sisi tuna visu vya chuma, na bado asubuhi ya Idi utamwona mtu akikereza shingo ya mbuzi kama akataye kuni! Kisu kimekaa jikoni mwaka mzima kikikatia ndimu na kukwangulia samaki, hakikuona kinoo. Wengine hunoa mbele ya mnyama mwenyewe, jambo lililokatazwa. Cha dola 400 kikiachwa hivyo kitakuwa butu vilevile.

Wachinjaji wa machinjioni, ambao kazi yao ni ya kila siku, wengi hutumia visu vya bei ya wastani na kuvinoa mara kwa mara. Hata kwa porini, visu vya Mora vya Sweden, vyenye sifa kwa wapiga kambi, hupatikana kwa dola 20 hivi. Kijana wetu akiwa amekwisha kutimiza haki za watu wa nyumbani kwake, anunue akipendacho. Ikiwa fedha hiyo ndiyo ambayo ingenunua mbuzi wa pili kwa majirani, basi jibu letu ni asikinunue. Kinoo anunue kwa vyovyote, chenye upande wa chenga na upande laini. Anoe usiku wa kuamkia Idi, na ajaribu kwa karatasi: ikikatika bila kuchanika, kisu ki tayari.