Fundi anapopandishwa kuwa mkubwa

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi. Kijana alikuwa fundi mzuri, akawa mkubwa wa mafundi, na sasa wanamwita aongoze kazi yote. Afanye nini?

Mnajua namna kazi ya shimo inavyopangwa. Kuna wanaovunja mawe, wanaobeba, na wanaosimamisha miti ili udongo usianguke. Juu yao kuna kondikteri, anayejua kila pembe ya shimo. Juu ya kondikteri kuna mwenye shimo, ambaye watu humwita PDG. Tena, tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2018, mchimbaji lazima awe memba wa koperative. Basi kuna kiti kingine cha juu, kile cha prezida.

Kondikteri anaulizwa: pompi inavuta maji? Miti inashika? Prezida anaulizwa mengine: nani ana ruhusa ya kusimamisha kazi mvua ikinyesha? Franga za pompi zimeandikwa wapi? Ukiugua, nani atashika nafasi yako?

Tukumbuke Kamituga, kule Mwenga. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliingiza maji katika mashimo, na watu wengi wakafia humo. Siku ya mvua kama ile, kujua pompi peke yake hakutoshi. Inatakiwa amri iliyotolewa mapema, kwamba mvua ikianza wote watoke, na hata mbebaji mdogo apige kelele bila kuogopa kunyimwa sehemu yake. Kuweka amri hiyo ndiyo kazi ya mkubwa.

Tazameni pia ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Patrick Mfugale alikuwa mhandisi wa madaraja. Mwaka 2011 akawa mkuu wa TANROADS, shirika la serikali linaloangalia barabara kubwa za nchi, akaliongoza mpaka kifo chake mwaka 2021. Daraja la juu la Tazara, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2018, lina jina lake. Fikirini basi: nani anaweza kusimama juu ya kila daraja la nchi nzima? Mkubwa wa namna hiyo lazima aamini mafundi wengine na ajue kuwauliza maswali mazuri.

Wewe kijana, usingoje siku ya kuitwa. Jifunze kuandika hesabu ambayo mwenzako anaweza kuisoma. Jifunze kueleza mambo ya ufundi kwa mama anayeuza chakula mpaka aelewe. Fundisha mtu mmoja kazi yako yote, usifiche siri. Anayeogopa kufundisha mwingine atabaki palepale, maana akiondoka kazi itasimama.

Na wewe uliyekwisha kupanda, acha nyundo lakini usiache kushuka. Usimnyang'anye kondikteri kazi mbele ya watu wake. Muulize anaona nini. Ukikuta hakuna anayethubutu kukuambia, "Hapana, muzee, leo hatuingii," ujue shimo lako lina hatari, hata kama miti yote ni mipya.

Wazazi, ongeeni na vijana wenu juu ya jambo hili. Tuonane mwezi ujao.