Umbali wa Kigoma Usisingiziwe

Mtandao wa kompyuta unaposuasua katika mji ulio mbali na pwani, lawama ya kwanza huangukia umbali. Kigoma na Ujiji ziko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na wengi wamezoea kuamini kwamba huko kila kitu hakina budi kuchelewa. Fikra hiyo yafaa kupimwa kwa hesabu kabla ya kukubaliwa.

Mwanga hupita katika nyuzi za kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Safari ya kilomita 1,250, kwenda na kurudi, huhitaji kama sekunde 0.0125. Mitambo ya njiani huongeza muda huo, lakini haiufikishi dakika tatu. Basi programu ya kuchunguza mtandao ikichukua dakika tatu kuorodhesha mitambo 40 iliyomo ndani ya shule moja, kosa litafutwe kwingine.

Mara nyingi kosa limo katika majina. Kompyuta hutambuana kwa anwani za namba. Majina yamewekwa kwa faida ya binadamu. Mwaka 1983, huko Marekani, Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kutunza majina hayo katika seva nyingi badala ya orodha moja. Programu ya uchunguzi ikishaipata namba, huuliza seva ya majina namba hiyo ni ya nani. Seva isipojibu, kompyuta itumiayo Linux, kama haikuamriwa vingine, husubiri sekunde 5, kisha huuliza tena. Mitambo 40 ikiulizwa mmoja baada ya mwingine, kungoja kwa mara ya kwanza tu ni sekunde 200.

Ni kama karani akaaye mwaloni Kibirizi alfajiri, akihesabu mitumbwi ya dagaa. Namba ya kila mtumbwi anaiona ubavuni. Lakini akikataa kuandika mtumbwi wa pili mpaka arudi kijana aliyetumwa kumtafuta mwenye mtumbwi wa kwanza, jua litapanda na kazi haijaisha. Mgeni atalilaumu ziwa, kumbe mitumbwi imekwisha kufika zamani.

Uthibitisho wake ni jaribio linaloweza kufanywa darasani. Katika kompyuta ya Windows, amri ya tracert huonyesha njia ipitayo data. Ikiongezwa -d, huonyesha namba bila kuuliza majina. Njia ni ile ile, na kilichobadilika ni kimoja tu. Ikiwa mara ya pili jibu limekuja upesi, mkosaji amejulikana.

Hata hivyo, kuacha majina si tiba kamili, maana msimamizi huyahitaji. Seva iliyokufa iondolewe katika orodha, seva ya majina iwekwe karibu, na kila mtambo usajiliwe pande zote mbili: kutoka jina kwenda namba, na kutoka namba kwenda jina. Upande huu wa pili ndio usahauliwao mara nyingi.

Shule inunuayo mitambo mipya bila kupima hupoteza fedha, na kungoja hubaki pale pale. Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya mwanafunzi wa Ujiji anayeachwa aamini kwamba kosa ni mahali alipozaliwa, ilhali angeweza kulipata na kulirekebisha kwa mikono yake mwenyewe.