Kima Mla Mkaa

Ndugu msomaji wa Mchafukoge, siku utakapovuka bahari na watoto kwenda Unguja, usiishie Forodhani. Shika njia ya kusini hadi msitu wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Humo yumo kima punju, mwenye mgongo mwekundu na mikono isiyo na gumba, ambaye asili yake ni Zanzibar tu.

Jina hilo ni la shutuma, yaani kima wa sumu. Watu waliamini kwamba mti anaoupenda hatimaye hufa. Mkulima hamchukii bure, kwani humlia nazi changa na machipukizi ya miembe. Lakini waonyeshe watoto ajabu hii: akishashiba majani ya mwembe na mkungu, huteremka kutafuta mkaa, huu huu tunaopikia, akautafuna. Wataalamu wanasema mkaa hunyonya sumu ya majani hayo.

Usimtupie ndizi. Lipa kiingilio bila kunung'unika, maana sehemu ya pato huwarudia wanavijiji ambao mashamba yao ndiyo meza ya kima. Naona ni haki yao, tena ya kwanza.

Ukienda mwezi Julai, barabara hiyo itakufikisha Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Wanaume huchapana kwa migomba kumaliza vinyongo vya mwaka, wanawake huimba, na kibanda cha makuti huteketezwa. Siku hiyo kila nyumba hutaka mgeni. Ukikaribishwa chakula, nawa mikono uketi.