Ngazi Tulizojenga Wenyewe

Wapendwa, anayetumia kiti mwendo hapa Mwamgongo hubebwa kupanda boti, hubebwa kushuka. Ziwa na milima aliviweka Mungu. Lakini ngazi za mlango wa kanisa tulizijenga wenyewe, kwa sadaka zetu.

Tunajitetea: “Vijana watambeba.” Mtu mzima abebwe kama gunia kila Jumapili, mbele ya wakwe zake?

Katika Marko 2, watu wanne walitoboa paa ili mwenye kupooza amfikie Yesu, naye hakuwakemea kwa kuharibu nyumba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka majengo ya umma yafikike. Sisi tunashindwa mteremko wa zege, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo?

Tusimwombee atembee huku tumemzibia mlango.